Uchunguzi wa afya kwa abiria wa ndege za kimataifa wakati wa janga: kinachokaguliwa zaidi ni karatasi kuliko mwili

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Maswali kuhusu masharti ya afya kwa wasafiri wa ndege yamekuwa yakijirudia, na nimeona wengi wetu tunachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina mwenyewe: sharti la nchi unayokwenda, sharti la nchi unayopitia, na ukaguzi wa shirika la ndege kwenye kaunta kabla hujapewa pasi ya kupandia. UVIKO-19, tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza dharura tarehe 30 Januari 2020 hadi lilipoiondoa tarehe 5 Mei 2023, umetuachia kumbukumbu za kutosha kuyazungumza haya kwa takwimu badala ya hisia. Janga lijalo halitapiga hodi, kwa hiyo ni heri tuyaweke sawa sasa hivi ambapo hakuna mwenye ndege ya kuwahi.

Dai langu ni kwamba uwanjani mwili wa msafiri haukaguliwi sana kama watu wanavyodhani. Kinachokaguliwa ni karatasi zake. Mwili hupimwa kwa sekunde mbili, tena kwa kifaa ambacho hakijawahi kuonyesha matokeo ya kuridhisha, ilhali karatasi huchunguzwa jina kwa jina na saa kwa saa, na ndizo zinazowarudisha watu nyumbani.

Nianze na vipimajoto, maana ndivyo vinavyoonekana na kila mtu. Kile kifaa kinachoelekezwa kwenye paji la uso, pamoja na zile kamera za joto zinazowekwa mwisho wa ujia, hakisomi joto la ndani ya mwili; kinasoma joto la ngozi, kisha kinakadiria. Aliyekimbilia ndege na begi mgongoni anaweza kuonekana ana homa, na mwenye homa aliyemeza parasetamoli saa chache kabla ya kutua akapita bila kuulizwa lolote. Wakati wa SARS mwaka 2003, viwanja vya ndege vya Kanada viliwachunguza wasafiri mara zipatazo milioni 6.5, abiria wapatao 9,100 wakapelekwa kwa wauguzi au maofisa wa karantini, na hakupatikana hata mmoja mwenye SARS. Mwaka 2020 Marekani iliwapitisha abiria 766,044 katika uchunguzi maalumu kati ya Januari na katikati ya Septemba. 298 walionekana wanahitaji kuangaliwa zaidi, 35 wakapimwa virusi, na 9 ndio waliokutwa navyo. Ukigawa, ni mgonjwa mmoja kwa kila abiria 85,000 hivi.

Watumishi wa viwanjani hawakuwa wazembe. Tatizo limo ndani ya ugonjwa wenyewe. Virusi vya korona huchukua wastani wa siku 5 hadi 6 tangu viingie mwilini hadi dalili zijitokeze, na huweza kufika siku 14, kwa hiyo mtu aliyeambukizwa juzi hana homa ya kupimwa. Watafiti wa London walikadiria mwanzoni mwa 2020 kwamba, hata abiria wakikaguliwa wanapoondoka na tena wanapofika, takriban 46 kati ya kila 100 wenye maambukizi wangepita bila kugunduliwa. Hata Ebola, ambayo homa yake haina mchezo, ilipita hivyo: Septemba 2014 msafiri mmoja aliondoka Liberia baada ya kupimwa joto na kuonekana mzima, akafika Dallas tarehe 20, na dalili zikaanza siku nne baadaye.

Sasa twende kwenye karatasi, ambako ndiko hasa nilikotaka kufika.

Sharti lililoenea zaidi lilikuwa cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, kisichozidi saa 72. Likisemwa hivyo linaonekana jepesi, lakini ndani yake mna maswali mawili ambayo tangazo mara nyingi halikuyajibu: saa hizo zinaanza kuhesabiwa wapi, na zinaishia wapi? Nchi nyingine zilianzia pale sampuli ilipochukuliwa, nyingine pale matokeo yalipotolewa. Nchi nyingine ziliishia pale ndege ya kwanza ilipoondoka, nyingine ile ya mwisho, na nyingine pale unapotua. Kati ya tafsiri ya upole na ile kali kabisa, kwa safari yenye kuunganisha ndege, tofauti hufika siku nzima au zaidi.

Tena kuna “saa 72” na kuna “siku 3”, na si kitu kimoja. Marekani ilipoanza kudai kipimo tarehe 26 Januari 2021, ilichagua siku tatu kwa makusudi ili kumpunguzia msafiri hesabu za saa. Tuseme ndege inaondoka Ijumaa saa nne usiku. Kwa kanuni ya siku tatu, sampuli iliyochukuliwa wakati wowote wa Jumanne inafaa, hata ya alfajiri. Kwa kanuni ya saa 72, sampuli ya Jumanne saa tatu usiku imeshapitwa na wakati. Tarehe 6 Desemba 2021, baada ya Omikroni, aina mpya ya virusi vya korona, kugunduliwa, siku hizo tatu zikawa moja, na waliokuwa wamepima mapema kwa tahadhari wakalazimika kupima upya.

Nitoe mfano wangu, ingawa unanifedhehesha kidogo. Mwaka 2021 nilikwenda kupima Jumatatu, saa mbili asubuhi. Fomu ya kliniki ilikuwa na sehemu ya kujaza saa ya kuchukuliwa sampuli, na mhudumu aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake akanisukumia kalamu nijaze mwenyewe. Nikaandika “2:00”, kama ninavyosema kila siku ya maisha yangu. Kompyuta yao ikachapa 02:00, yaani saa nane ya usiku, na mimi nikatazama neno “hasi” tu, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni. Ndege ya kwanza ilinichukua bila swali. Kwenye kituo cha kuunganishia, Alhamisi alfajiri, ndege ya pili ikiwa inaondoka saa kumi na moja na robo, binti wa kaunta aliweka ncha ya kalamu juu ya ile 02:00, akahesabu kwa midomo bila sauti, kisha akageuza karatasi kunielekea. Saa 75 na robo. Ukweli ulikuwa saa 69 na robo, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kuuthibitisha ukweli huo saa kumi ya usiku. Nilipima upya palepale uwanjani, ndege ikaondoka, nikasafiri kesho yake. Ndugu zangu tunaohesabu saa kwa Kiswahili, cheti kinahesabu kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Kisomeni mara mbili kabla hamjatoka kwenye mlango wa maabara.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliowahi kukaa upande wa pili wa kaunta.

#2 – Mchangiaji

Ahsante mleta uzi kwa mada iliyopangika. Nina swali. Niliugua, nikapona vizuri, lakini wiki tano baadaye kipimo cha PCR kikarudi chanya na safari ikavunjika. Daktari aliniambia siwezi kumwambukiza mtu. Je, kama siambukizi, kwa nini kipimo kinifungie njia?

#3 – Mleta uzi

Pole sana, mkuu. Daktari wako alikuambia kweli, na kipimo nacho hakikusema uongo. Kila kimoja kilijibu swali lake. PCR hukuza vipande vya vinasaba vya virusi hadi vionekane, na haiulizi kama vipande hivyo ni vya virusi hai au ni mabaki. Mabaki hayo huweza kudumu wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na kwa wengine hukaribia miezi mitatu.

Baadhi ya nchi ziliweka mlango wa pembeni kwa ajili ya watu kama wewe. Marekani ilikubali, badala ya kipimo hasi, matokeo chanya ya ndani ya siku 90 yakiambatana na barua ya mtaalamu wa afya inayosema umepona na unaweza kusafiri. Cheti cha Umoja wa Ulaya cha aliyepona kilianza kutumika siku ya 11 baada ya kipimo chanya na hakikuzidi siku 180. Kipimo cha haraka cha antijeni nacho kwa kawaida hurudi hasi mapema zaidi kwa aliyepona, kwa kuwa kinahitaji protini nyingi za virusi ili kionyeshe alama. Kwa hiyo pale nchi uendako inapokubali vyote viwili, aliyetoka kuugua anafaa kuchagua hicho. Na yale matokeo chanya ya mwanzo usiyatupe, kwa sababu wengi waliyachana kwa furaha ya kupona, kumbe ndiyo yaliyokuwa tiketi yao.

#4 – Mchangiaji (niliwahi kufanya kazi kaunta)

Nilikaa kwenye kaunta ya kupokea abiria miaka yote ya janga, nami nathibitisha kwamba tulikuwa tunasoma karatasi kuliko nyuso. Watu walitukasirikia wakidhani sisi ndio watunga sheria. Utaratibu ni kwamba mfumo unaoitwa Timatic, unaosimamiwa na chama cha mashirika ya ndege IATA, hutuonyesha masharti ya nchi unayokwenda kulingana na uraia wako, unakotoka na unakopitia. Mfumo ukisema huruhusiwi, wakala hana mamlaka ya kukuhurumia. Shirika likimpeleka mtu asiyestahili kuingia, ndilo linalobeba wajibu wa kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Hiyo ndiyo sababu ukali ulikuwa unaanzia kwetu kabla hujamwona ofisa yeyote wa serikali.

Kilichowakwamisha abiria wengi kilikuwa jina, wala si ugonjwa. Mtu ana majina matatu kwenye pasipoti, cheti cha maabara kina mawili, na la tatu limeandikwa kwa herufi moja iliyokosewa. Tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa, mwezi umekaa mahali pa siku. Namba ya pasipoti kwenye cheti ni ya ile ya zamani iliyokwisha muda. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa na cheti sahihi kabisa ndani ya simu, na simu ikazimika mikononi mwake alipofika mbele yangu. Foleni nzima ilisubiri tukitafuta chaja inayoingia. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia achapishe.

Halafu kulikuwa na kizaazaa cha chanjo. Mwaka 2021 kulikuwa na abiria waliochanjwa Covishield, ambayo ni chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India, wakakuta jina hilo halimo katika orodha ya mamlaka ya dawa ya Ulaya, ilhali chanjo ya fomula ileile iliyotoka kiwanda kingine ilikuwemo. Nchi moja moja za Ulaya zikaanza kuikubali kwa uamuzi wake, nasi kaunta tukawa tunamweleza abiria kwamba chanjo yake inakubalika atakakotua lakini haikubaliki atakakopitia. Mweleze mtu hilo saa kumi usiku, akuelewe.

#5 – Mchangiaji

Nimesoma kwa makini, lakini naona mleta uzi anatupeleka mahali pa hatari. Ukiwaambia watu kwamba vipimajoto havikamati, watahitimisha kwamba uchunguzi wote ni maigizo, na serikali zitaacha milango wazi. Mkaguzi kusimama pale kuna kazi yake hata asipomkamata mtu: mgonjwa anayejua atakaguliwa huahirisha safari. Hilo halionekani kwenye takwimu za waliokamatwa.

#6 – Mleta uzi

Hoja yako ni nzito, na sehemu ya mwisho naikubali bila masharti. Aliyebaki nyumbani kwa kuogopa kukaguliwa hahesabiwi popote. Pia ukaguzi ni nafasi ya kumpa msafiri kikaratasi chenye namba ya kupiga akiugua, na kuchukua anwani yake kupitia ile fomu ya kumtafutia abiria, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na manufaa kuliko kamera zote za joto. Abiria aliyekaa safu ya 26 akigundulika siku tatu baadaye, fomu ndiyo inayokuambia walioketi safu za jirani naye wako wapi.

Lakini sikusema milango iachwe wazi. Nasema nguvu iwekwe mahali inapozaa. Linganisha: Marekani, kwa kutegemea joto na dalili, ilipata 9 kati ya abiria 766,044. New Zealand, iliyowaweka wote wanaofika karantini ya siku 14 na kuwapima wote, ilipata 215 kati ya wasafiri 62,698 hadi tarehe 20 Oktoba 2020, yaani mmoja katika kila 292 hivi. Najua wasafiri hawakuwa walewale, hawakutoka nchi zilezile, na Marekani ilipima virusi kwa watu 35 tu. Hata hivyo pengo hilo haliwezi kuelezwa na tofauti za wasafiri peke yake. Aliyetafuta dalili alipata wachache kwa sababu wengi hawakuwa na dalili za kuonwa.

Kuna ndege moja ambayo napenda watu waijue. Iliondoka Dubai ikatua New Zealand tarehe 29 Septemba 2020 ikiwa na abiria 86. Wakiwa karantini, 7 walikutwa na virusi; walitoka nchi 5 tofauti kabla ya kukutana Dubai, na 5 kati yao walikuwa na vyeti hasi vya kabla ya safari. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya virusi walivyokutwa navyo, walibaini kwamba maambukizi yalisambaa ndani ya ndege. Vyeti vilikuwa halali. Kilichotokea ni kwamba cheti kinaeleza hali ya pua yako saa ile kijiti kilipoingia, nawe umeendelea kuishi tangu saa ile: umepanda gari, umesimama kwenye foleni, umekaa saa nyingi karibu na mtu anayekohoa.

Mfano mwingine ni wa tarehe 26 Novemba 2021, siku ambayo WHO iliiweka Omikroni katika kundi la virusi vya kutia wasiwasi. Ndege mbili kutoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam zikiwa na abiria 624, wakazuiwa kwa saa nyingi hadi wapimwe wote, na 61 wakakutwa na virusi. Huo ni karibu mmoja kwa kila kumi. Wote walikuwa wamepita kaunta za kuondokea.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni wale wanaozuiwa bila kuwa na ugonjwa. Tuseme, kwa hesabu ya kubuni, abiria 10,000 wanapimwa kwa kipimo cha haraka na walioambukizwa kweli ni 10. Kipimo kinakamata 8 kati yao, na kinakosea kwa kumwita mzima mgonjwa mara moja katika kila watu 100. Utakuwa na watu kama 100 wazima waliozuiliwa pamoja na wagonjwa 8, na wawili wameshapanda teksi. Ndiyo maana anayekutwa chanya kwa kipimo cha haraka uwanjani anastahili kurudiwa kwa PCR kabla hajaambiwa safari imekwisha. Viwanja vingine vilifanya hivyo, vingine havikujali.

#7 – Mchangiaji (nasoma sheria za afya)

Ningependa kuongeza upande wa sheria, maana wengi hatujui kwamba upo. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, zilizoanza kutumika tarehe 15 Juni 2007 na zilizozifunga nchi 196 wakati wa UVIKO-19, zinazungumzia jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 23 kinairuhusu nchi kumuuliza msafiri anakokwenda na alikopita, kukagua hati zake za afya, na kumfanyia uchunguzi wa mwili usioingilia (bila kumchoma wala kumwingiza kitu mwilini), ule wenye usumbufu mdogo kabisa unaotosha kwa lengo la afya ya umma. Kifungu cha 32 kinataka msafiri atendewe kwa heshima ya utu wake, izingatiwe jinsia yake na imani yake, na akiwekwa karantini apewe chakula, maji, malazi, matibabu na njia ya kuwasiliana.

Kifungu kilichovunjwa zaidi machoni pa watu, ingawa wachache walikitaja, ni cha 40. Kwa wasafiri wasiokuja kutafuta ukaazi, nchi haipaswi kutoza malipo kwa uchunguzi wa kitabibu unaofanywa kwa mujibu wa kanuni hizo, wala kwa karantini inayowawekea, wala kwa chanjo wanayopewa wanapofika ikiwa sharti lake halikutangazwa au lilitangazwa chini ya siku 10 kabla. Sasa kumbukeni hoteli za karantini za miaka 2020 na 2021, ambako msafiri alikabidhiwa ufunguo na ankara kwa pamoja. Uingereza ilianza utaratibu huo tarehe 15 Februari 2021 kwa waliotoka nchi za orodha nyekundu, kwa gharama zao wenyewe, na haikuwa peke yake. Serikali zina hoja zake, ikiwamo kwamba raia na wakaazi walipewa njia ya kurudi nyumbani wakati ambapo wengine walizuiwa kabisa, lakini ukisoma kifungu kama kilivyoandikwa utajiuliza maswali.

Halafu kuna cha 43. Nchi inaweza kuweka hatua kali kuliko zinazopendekezwa na WHO, ila lazima ziwe na msingi wa kisayansi, zisizidi mahitaji, na kama zinakwamisha sana usafiri wa kimataifa iiarifu WHO ndani ya saa 48 pamoja na sababu. Mwaka 2020 hatua hizo zilikuwa nyingi mno, na taarifa zilizofika zikiwa na sababu za kuridhisha zilikuwa chache.

#8 – Mchangiaji

Mbona cheti cha homa ya manjano hakijawahi kutuletea vurugu hizi? Kadi ya njano unaitia ndani ya pasipoti, unasahau.

#9 – Mleta uzi

Swali zuri sana hili, na jibu lake ni kwamba kadi hiyo ina yale yote ambayo vyeti vya UVIKO-19 vilikosa. Ina muundo mmoja dunia nzima, uliowekwa na kanuni zilezile alizotaja ndugu hapo juu. Chanjo lazima iwe imeidhinishwa na WHO, si kila nchi na orodha yake. Muda wake uko wazi: huanza siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Ofisa wa mpakani hahitaji kuhesabu saa wala kuuliza kiwanda.

UVIKO-19 ulikuwa na virusi vinavyobadilika na kinga inayopungua, kwa hiyo cheti cha maisha hakikuwezekana. Lakini muundo mmoja uliwezekana, na Ulaya ilionyesha hivyo. Cheti chao cha kidijitali kilianza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kikiwa na msimbo wa QR wenye sahihi ya kidijitali ya mamlaka iliyokitoa, kiasi kwamba mkaguzi alijua kama ni halisi bila kupekua rekodi za hospitali ya mtu. Nchi nyingi nje ya Ulaya ziliunganishwa nacho, na kilipokaribia kumalizika tarehe 30 Juni 2023, WHO iliichukua teknolojia hiyo iwe msingi wa mtandao wake wa dunia wa vyeti vya afya. Umoja wa Afrika nao ulikuwa na jukwaa lake la Trusted Travel, lililothibitisha matokeo ya maabara kwa namba maalumu. Vyeti vya kughushi vilipungua thamani pale tu palipokuwa na kitu cha kuthibitisha. Palipokuwa na muhuri wa mpira peke yake, soko lilistawi.

Kwa aliyeuliza kwa ujumbe wa faragha kama kuna njia ya kujua ugonjwa umeingia bila kumsumbua kila abiria: ipo, na iko kwenye vyoo vya ndege. Kati ya Agosti na Septemba 2022, baada ya Marekani kuondoa sharti la kipimo tarehe 12 Juni, maji taka ya ndege 80 zilizotua New York kutoka Uingereza, Uholanzi na Ufaransa yalipimwa, na ndege 65 zilikuwa na chembe za virusi. Kwa njia hii humjui mgonjwa wala humzuii. Unajua aina gani ya virusi inaingia, mapema kuliko hospitali zitakavyokuambia, na hakuna aliyechomekwa kijiti puani.

#10 – Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ninapopitia nchi fulani kwa saa tano tu, sitoki nje ya uwanja. Masharti yake ya afya yananihusu vipi?

#11 – Mleta uzi

Inategemea tiketi kuliko saa, na hapa ndipo wengi walikwama. Marekani, kwa mfano, ilihesabu zile siku tatu hadi ndege ya kwanza ya safari kama safari zote zimo katika tiketi moja na hakuna kusubiri kunakozidi saa 24. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kupunguza gharama, huna tena safari moja. Una safari mbili, na muda wa kipimo chako unahesabiwa hadi ndege ya pili, si ile ya kwanza.

Kuna na suala la mzigo. Tiketi zikiwa mbili, mara nyingi begi haliunganishwi, na mkanda wa kuchukulia mizigo uko upande wa pili wa dawati la uhamiaji. Kwa hiyo siku unayopima, kabla hujalipia chochote, liulize shirika la ndege ya kwanza swali moja: begi langu nitalikuta wapi? Wakikuambia utalikuta mwisho wa safari, soma masharti ya wanaopita tu. Wakikuambia utalichukua mwenyewe katikati ya njia, basi unaingia nchi hiyo kama mgeni mwingine yeyote, na fomu yake, kipimo chake na karantini yake vyote vinakuhusu.